Mwaka Nassoro Alipobeba Pampu

Habari nililetewa na kondakta wa basi la Nachingwea, tena bila mwenyewe kujua kwamba ananiletea habari. Alikuwa amekaa kwenye benchi langu hapa Ruangwa, anakula chapati na maharage huku akisubiri abiria, akamwambia dereva wake, "Yule fundi baiskeli wa Mtua si amefariki? Wamemzika jana." Dereva akauliza fundi yupi. "Bwana Kunong'ona. Yule ambaye ukitaka kumsikia mpaka uiname." Dereva akasema, alaa, yule, maskini, alikuwa mtu mpole. Mimi nilikuwa nimesimama na bakuli la mchuzi mkononi. Mchuzi ukanimwagikia mguuni, ukaniunguza, nikacheka. Wakacheka na wao. Ndivyo nilivyo, nikiumia huwa nacheka kwanza, na watu wengi wamenielewa vibaya kwa sababu hiyo. Niliwapa chenji yao, nikaingia jikoni, nikakaa juu ya gunia la mkaa nikiwa na gauni langu jeupe, sikujali. Bwana Kunong'ona! Kama wangejua yule mtu alikuwa na sauti gani.

Sitaeleza nilizaliwa wapi wala ukoo wetu ulitoka upande gani wa mto, hayo waulizeni wazee wanaopenda kuyasimulia. Nitaanzia mwaka niliokuwa na umri wa miaka ishirini na moja, kwenye mgahawa huuhuu, wakati huo ukiwa wa mama mkubwa. Mbele palikuwa na meza tatu zilizofunikwa nailoni ya maua, nyuma jiko, na uani vyumba viwili vya bati. Kimoja kilikuwa stoo. Cha pili alikipanga Nassoro, mwezi wa pili, mvua ikiwa imetuchosha wote. Alikuja na sanduku la spana, maana alikuwa fundi baiskeli tangu wakati huo, na mgongoni gitaa lililofungwa ndani ya mfuko wa mbolea. Mama mkubwa akalitazama lile gitaa zaidi kuliko alivyomtazama mwenye gitaa. "Kijana, hapa watu wanakula. Usije ukanifukuzia wateja kwa makelele." Nassoro akajibu, "Mama, hili langu halina makelele." Kweli halikuwa nayo. Waya mmoja wa lile gitaa ulikuwa umekatika, akaweka waya wa breki ya baiskeli, kwa hiyo kila alipoupiga ulitoa mlio mzito kidogo, wa kusuasua, na baada ya wiki mbili mimi nilikuwa siwezi kusikia gitaa zima nikaliona zuri.

Jioni, sahani zikiwa zimeoshwa, alikaa kwenye kizingiti cha chumba chake akaimba. Alitunga mwenyewe. Hakuimba mapenzi ya redioni wala hakuiga vijana wa Dar es Salaam. Aliimba mambo ambayo mimi sikujua kama yanaimbika: mwalimu aliyehamishwa akaacha kuku wake kwa jirani, mwanamke anayeanua ufuta mvua ikimkimbiza, kituo cha basi kikiwa kitupu. Kati ya maneno ya Kiswahili alipenyeza Kimwera cha bibi yake, kile ambacho sisi vijana tulikuwa tunakionea haya. Sauti yake haikuwa nzito, haikuwa nyembamba. Alikuwa anaimba kama mtu anayekueleza jambo lililompata leo mchana. Wateja walimsikiliza huku wamekunja uso. Mzee mmoja mnunuzi wa korosho alimuuliza waziwazi, "Sasa huu wimbo unachezwaje?" Nassoro akasema, "Hauchezwi, mzee. Unasikilizwa tu." Mzee akamalizia ugali wake, akanawa, akasema, "Basi nitausikiliza siku nikiumwa." Tulicheka mpaka mama mkubwa akaja kutuuliza kulikoni.

Mimi niliingia kwenye zile nyimbo kwa bahati tu. Nilikuwa nasugua sufuria, nikaitikia mahali ambapo nilihisi panaachwa wazi. Akanyamaza. Nikadhani nimemuudhi. Akasema, "Rudia hapo, Somoe." Nikarudia. Tangu siku ile kila wimbo aliotunga aliuachia nafasi yangu, na maneno niliyaandika mimi kwenye daftari la mistari, kwa sababu mwandiko wake ulikuwa wa kuku. Ule wimbo wa ufuta uliimbwa hivi:

Mama, wingu halikupiga hodi,
shika turubai, nashika mtoto,
kilicholowa tutakianika kesho,
kesho kukiwa na jua.

Mnaweza kuona si kitu. Nami nikiusoma hivi naona si kitu. Lakini nilikuwa naoshea vyombo pale uani, mikono ikinuka samaki wakavu, na mtu anaimba habari za mama yangu bila kuwahi kumwona. Nilimpenda. Sioni haya kulisema. Nilimpenda kwanza kwa masikio, mengine yakafuata, na kufikia mwezi wa nne yeye alikuwa anakula kisamvu chake jikoni kwetu badala ya mezani, na mama mkubwa alikuwa amejitia hasikii wala haoni.

Mwezi wa tano aliitwa kuimba kwenye harusi moja Nachingwea, nami nikaenda kuitikia. Watu wa harusi walikuwa wanangoja ngoma, wakampa nyimbo mbili tu kisha wakamwambia apumzike. Lakini nyuma ya jiko, wakati tunakula pilau letu kwenye sinia moja, akaja bwana mmoja aliyetoka Dar es Salaam kwa ajili ya harusi ileile. Alikuwa na studio ndogo, chumba kimoja, alivyosema mwenyewe. Akachuchumaa mbele yetu na suruali yake safi. "Mimi nimechoka na vinanda vya kompyuta," akasema. "Nataka gitaa lako lilelile, na waya wako mbovu, na sauti yako. Usiongeze kitu. Una nyimbo ngapi?" Nassoro akasema kumi. "Njoo mwisho wa mwezi wa nane. Wiki moja nimeifunga kwa ajili yako, baada ya hapo nasafiri." Njiani kurudi Ruangwa, tunakaribia, akasema, "Somoe, mimi nina miaka ishirini na sita, na huyu ndiye mtu wa kwanza kuniambia nisiongeze kitu."

Sasa hapa lazima nieleze habari ya mjomba. Kwetu sisi mjomba ndiye mwenye neno. Baba anaweza kuwepo, mzima, anakula na kushiba, lakini mpwa akitaka kuolewa anayeulizwa ni kaka wa mama. Mjomba wangu alikuwa na mikorosho Nandagala, mingi, na ulimi mkali. Mshenga wa Nassoro alipokwenda kwake, nami nikisikiliza nyuma ya ukuta wa jiko, mjomba aliuliza kijana anafanya kazi gani. Mshenga akasema ni fundi baiskeli, tena anaimba. "Anaimba," mjomba akasema. "Na mgongo wake je, na wenyewe unaimba, au unabeba?" Mshenga akacheka kwa adabu. Mjomba akaendelea: "Zamani mkwe alilima misimu miwili ndipo anapewa mke. Mimi sina makuu. Mbeba pampu wangu kapata ngiri, kalazwa. Msimu wa salfa unaingia. Kijana aje anipulizie mikorosho mpaka iishe, nimwone. Akimaliza, tutazungumza."

Kwa asiyejua, mkorosho unapotoa maua hushikwa na ugonjwa mweupe kama majivu, na dawa yake ni unga wa salfa, wa njano. Unapulizwa alfajiri, majani yakiwa na umande ili unga ushike. Mpulizaji anabeba mgongoni pampu yenye injini, mlio wake unasikika hadi kijiji cha pili, anaelekeza bomba juu, na wingu la njano linapanda kwenye matawi, kisha sehemu kubwa inamshukia mwenyewe. Macho yanawaka, pua inawaka. Kila mtu huku analijua hilo. Nassoro naye alilijua. Alinikuta nachambua mchele akachutama karibu yangu. "Salfa inakaba kifua, Somoe. Acha niende Dar kwanza. Nikirudi nitambebea mjomba pampu misimu mitatu akitaka."

Nikamwambia hapana. Niliyasema haya mimi, kwa mdomo wangu huu: "Ukienda Dar kwanza, mjomba atasema umekimbia kazi. Atanitoa kwa mtu mwingine kabla basi lako halijafika Lindi. Mwezi mmoja tu, Nassoro. Utajifunga kanga mdomoni." Akasema, "Haya," akachukua kiganja cha mchele akanisaidia kuchambua. Nimeishi na ile "haya" miaka yote hii.

Tulihamia Nandagala mwezi wa saba. Wanaume walilala kwenye banda la shamba, mimi na wanawake wengine nyumbani kwa mjomba, na alfajiri tulikutana shambani. Kazi yangu ilikuwa kumjazia pampu. Namwaga unga, nafunga kifuniko, nampiga begani mara mbili, anakwenda. Siku za kwanza alijifunga kanga vizuri, ile nyekundu niliyompa, puani mpaka kidevuni. Siku ya nne au ya tano nikaiona imeshuka shingoni. Nikamfuata nimfunge. Nikakuta mdomo wake uko wazi, anaimba. Sikuwa nasikia kitu zaidi ya injini, lakini niliijua ile midomo, nikajua ni wimbo gani na amefika wapi. Alipozima pampu kujaza tena, macho mekundu, kope za njano, uso wote unacheka. "Humo ndani ya ule mlio naweza kuimba kwa nguvu zangu zote," akaniambia. "Hakuna anayeniuliza unachezwaje. Nazifanyia mazoezi nyimbo zote kumi, nikimaliza naanza upya. Dar watanikoma."

Mimi nikacheka. Jamani, nilicheka. Nilimfuta midomo kwa ncha ya kanga, nikamjazia unga, nikampiga begani. Na asubuhi zilizofuata, kila alipopita kwenye mstari wa mikorosho niliokaa, nilimtazama midomo nikaitikia kutoka huku, sauti yangu haimfikii, yake hainifikii, tumeelewana vizuri kabisa. Nadhani katika maisha yangu sikuwahi kuwa na furaha kama ile. Naichukia furaha hiyo, na bado siwezi kuiita kitu kingine.

Wiki ya tatu sauti yake ikaanza kukwama. Mwanzoni ilikwaruza asubuhi tu, mchana inafunguka. Wote tulikuwa tunakohoa, hakuna aliyeshtuka. Mjomba akawa anamletea chupa ya maziwa, kwa sababu huku tunaamini maziwa yanashusha salfa kifuani. "Kunywa, mkwe," akasema, na lile neno mkwe likanifanya niwe juu juu siku nzima. Nassoro alikunywa maziwa yote, akarudi kwenye pampu. Nilimwambia apumzike siku mbili. Akasema kwa sauti ya kukauka, "Imebaki mistari sita, nikiacha sasa itakuwa nimebeba bure." Siku alipomaliza mstari wa mwisho alishusha pampu, akataka kusema jambo, na kilichotoka kilikuwa hewa.

Daktari alimwangalia koo kwa tochi, akauliza alikuwa anafanya kazi gani, akaambiwa. Akauliza tena kama alikuwa anapiga kelele. Mimi ndiye niliyejibu kwamba alikuwa anaimba. "Kwenye salfa?" akauliza. "Kwa nguvu?" Hakumlaumu mtu, aliandika tu kwenye karatasi. Akasema asiongee miezi miwili, asinong'one hata, na vumbi asilikaribie tena. Mwisho wa mwezi wa nane ulikuwa umebakiza siku nane.

Kilichofuata kilitokea chumbani kwake uani, mlango wazi kwa heshima, mchana wa jua kali. Mbele kwenye mgahawa alikuwapo mjomba, amekuja mjini kuuza mbaazi, anakula ugali wa muhogo na samaki wa nazi. Nilikuwa namsikia kila neno anavyomweleza mama mkubwa. "Kijana ni mwanaume. Mikorosho yote, hakuacha mmoja. Mimi nimeridhika, amchukue. Baada ya mavuno tufunge ndoa." Nassoro naye alikuwa anasikia. Akachukua daftari letu la nyimbo, akafungua nyuma, akaandika: Imba wewe. Mimi nitapiga gitaa.

Nikamwambia, "Mimi? Dar?" Akaandika: Unazijua zote. Nikamwambia nitapandaje basi na mwanaume ambaye hajanioa, siku hiihii mjomba anayotukubalia, si atanibadilikia? Akaligonga lile neno kwa kalamu. Zote. Nikasema, "Mimi najua kuitikia tu, Nassoro." Ulikuwa uongo. Nilizijua herufi kwa herufi, niliziandika mimi, hata leo ninazo. Niliogopa mjomba, niliogopa Dar, niliogopa yule bwana wa suruali safi asije akasema huyu mwanamke kamtoa wapi. Na kulikuwa na jingine ambalo nimechukua miaka mingi kulikiri: niliona kwamba nikiziimba mimi, itakuwa nimekubali kuwa yeye hataimba tena. Nassoro akafunga daftari taratibu, akanipa. Kutoka mbele mjomba akaita, "Somoe! Leta maji ya kunawa!" Nikapeleka maji.

Alikwenda Dar peke yake, akarudi baada ya siku nne. Sikumuuliza, na yeye hakuandika kitu. Tulingoja ile miezi miwili ya daktari. Mabibo ya mikorosho yakaanza kuanguka, mji mzima ukanuka utamu wa kuchacha, na asubuhi moja alijaribu kuniita kutoka mlangoni. Nilisikia mkwaruzo kama wa kitu kikavu juu ya bati. Tukatazamana. Wiki ileile akafunga spana zake akarudi Mtua, na mshenga akaenda kwa mjomba kusema kijana amejitoa, kosa ni lake, asilaumiwe binti. Mjomba alitukana wiki nzima. Mimi nikacheka, watu wakasema kumbe hakuwa anampenda. Baadaye niliolewa na mtu mwingine, mwema tu, nikazaa, nikarithi mgahawa. Nassoro nilimwona mara mbili sokoni Nachingwea. Mara zote mbili alininong'oneza, "Hujambo, Somoe," nami nikasema sijambo, tukapishana.

Siku ya tatu ya msiba nilikwenda Mtua. Mjane wake yuko eda, tukaingizwa chumbani kumpa pole. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, mwanamke mdogo kuliko nilivyotegemea, uso umevimba kwa kulia. Wanawake wengine walipotoka akanishika mkono kuniuliza mimi ni nani kwa marehemu. Nikamwambia alipanga kwetu Ruangwa, zamani, alikuwa anaimba. Akanitazama kwa mashaka. "Nassoro? Nassoro wangu mimi? Kuimba?"

"Sana," nikasema.

"Ilikuwaje? Hebu."

Si mahali pa kuimba, naelewa. Niliinamisha kichwa karibu na wake nikaimba chinichini wimbo wa yule mwalimu na kuku wake, wote, sehemu yake na yangu, kwa mara ya kwanza toka niandike. Sikukosea hata neno. Alisikiliza amefumba macho. Nilipomaliza akasema, "Mimi nilidhani nimeolewa na mtu mkimya. Nikajua ndivyo alivyoumbwa." Akajifuta kwa mtandio. "Aliniambia sauti ilichukuliwa na homa, alipokuwa mtoto. Kumbe aliimba ukubwani. Sasa hiyo homa ilimpata lini?"

Ningeweza kunyamaza. Nilikwisha nyamaza mara moja kwenye maisha ya yule mtu. Nikamwambia haikuwa homa, ilikuwa salfa, kwenye shamba la mjomba wangu, Nandagala, na kwamba yeye alitaka kwenda Dar kwanza, mimi ndiye niliyemwambia abebe pampu. Nikamweleza na ile kanga iliyoshuka, na kwamba niliona, nikacheka.

Hakupiga kelele. Aliutoa mkono wake kwenye wangu, akauweka juu ya paja lake.

"Miaka ishirini," akasema. "Mama yangu alimuuliza, mimi nilimuuliza, wanawe walimuuliza. Homa, homa, homa. Miaka ishirini alikuwa anakusitiri wewe, ndani ya nyumba yangu."

Akanigeuzia mgongo, akalala kwenye mkeka akitazama ukuta.